Ukweli wa Kiroho kwa Asiyeamini: Kasindi na Pande Zake

Asiyeamini Mungu huweza kuuliza maswali yaleyale ya mwumini: uhai una thamani gani, walio hai wanadaiwa nini na wafu, kwa nini asiye na hatia huteseka. Anachokataa ni jibu linaloegemea ufunuo. Huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, swali la mateso ndilo linalotangulia mengine. Tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka Kasindi katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC wakati wa ibada ya ubatizo, likaua watu zaidi ya kumi. Kundi la Dola la Kiislamu, ambalo waasi wa ADF wamejiunga nalo, lilidai kuhusika. Miezi mitano baadaye, tarehe 16 Juni, ng'ambo ya mpaka wa Uganda pale Mpondwe, ADF iliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha. Mbele ya misiba ya namna hii, mabishano juu ya Darwin na umri wa dunia yanaonekana anasa.

Hoja ya mateso, hata hivyo, ina mipaka yake. Inamlenga Mungu mwenye uweza wote na wema wote kwa pamoja. Haiigusi mizimu, ambayo hakuna aliyewahi kudai kwamba yote ni myema. Wanande wa Beni na ndugu zao Wakonzo wa Uganda walimjua Nyamuhanga aliye juu, lakini shughuli za kila siku ziliwahusu zaidi wenye enzi wa karibu, kama Kitasamba wa milima ya Rwenzori. Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia wa Uganda ambaye mwenyewe hakuwa mwumini, aliandika kwamba wasomi, John Mbiti akiwemo, waliivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki: umilele, uweza wote, ujuzi wote. Kwa maoni yake, wazee walishughulika na chanzo cha ugonjwa na balaa papa hapa duniani. Akiwa sahihi, basi anayeacha kanisa kwa sababu ya mauaji kama ya Kasindi amemwacha Mungu wa katekisimu, na bado hajasema lolote kuhusu imani ya babu yake.

Katekisimu hiyo ndiyo iliyomlea. Mapadri wa shirika la Assomption walifika pande za Beni mwaka 1929, na shule zikafuata misheni. Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, lakini kwa mkataba wa mwaka 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi wake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema nchi haina dini, na kifungu cha 22 kinalinda uhuru wa dhamiri. Hata hivyo mtoto wa Butembo huweza kutoka darasa la kwanza hadi Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben bila kuacha mikono ya kanisa. Mwenye shaka wa huko, mara nyingi, amefundishwa kufikiri na mapadri.

V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa wa Kongo aliyefariki mwaka 2025, alipitia njia hiyo hadi mwisho. Alilelewa na Wabenedikto, akaiacha monasteri, akabaki bila imani ya hakika. Lakini kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1994 bado kinayaita maisha yake bustani ya Kiafrika ya Kibenedikto. Mfaransa André Comte-Sponville aliifanya hali hii kuwa nadharia mwaka 2006: imani ikipotea, uaminifu kwa yale yaliyorithiwa unaweza kubaki. Nadharia hiyo inapendeza, ila inamfaa zaidi msomi mwenye maktaba. Haielezi mtu atakaa na nani Jumapili.

Jibu la vitendo liko upande wa pili wa mpaka, kwenye barabara ya lami itokayo Mpondwe. Mwaka 2011 Robert Bwambale alianzisha shule ya msingi ya Kihumanisti mjini Kasese, inayopokea watoto wa dini zote na wasio na dini, na kuweka sayansi mahali pa sala. Wamisionari nao walijijenga vivyo hivyo, kwa darasa.

Sehemu ngumu zaidi ni kifo. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 hasa katika maeneo ya Beni, Butembo na jirani zake, ilikuwa kipimo kikali cha ukweli usiotegemea imani. Maabara ilisema kweli kuhusu kirusi na kuhusu hatari ya kuosha maiti. Lakini vikosi vya mazishi vilipigwa mawe, maana jamaa hawakujua nani au nini kimewekwa ndani ya mfuko wa maiti. Utulivu uliongezeka pale wachungaji na wazee waliposhirikishwa, na ilipoanza kutumika mifuko yenye sehemu angavu ili uso wa marehemu uonekane. Kirusi hakikubadilika, wala hakuna aliyelazimika kuamini au kukana jambo lolote juu ya roho. Kwa asiyeamini, hapo ndipo penye kazi isiyokamilika bado: kuwa na namna ya kukaa matanga, kutaja jina la aliyekufa na kuwatunza watoto wake, bila kuahidi watakutana naye tena.