Mwonjaji, Mhakiki na Chupa Isiyo na Jina: Je, Hukumu ya Ladha Yaweza Kuwa ya Haki?

Utangulizi

Mojawapo ya maswali ambayo mhakiki wa fasihi hawezi kuyakwepa ni hili: anaposema kwamba kazi fulani ni bora kuliko nyingine, je, anasema jambo la kweli kuhusu kazi hiyo, au anatangaza tu kinachompendeza yeye? Swali hili ni la kifalsafa, lakini ni la kimaadili pia, kwa kuwa hukumu ya mhakiki huwagusa watu. Yuko mtunzi anayeingizwa katika silabasi na mwingine anayeachwa nje. Yuko mwanafunzi anayefaulu na mwingine anayeanguka. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hili kwa kupitia uwanja usiozoeleka katika kurasa za uhakiki wa fasihi, yaani karamu ambamo mivinyo myekundu mikongwe ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, huonjwa na kulinganishwa.

Uteuzi huu si wa kubahatisha. Falsafa ya Ulaya ilipoanza kulijadili kwa kina suala la uzuri wa sanaa katika karne ya 18, iliazima msamiati wake kutoka mezani: ikasema juu ya ladha. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo. Twasema kwamba shairi ni tamu, kwamba lugha imekolea, na kwamba hadithi fulani ni chapwa. Ikiwa ulimi ndio uliotupa istilahi, basi yafaa tuurudie ulimi wenyewe tuone unavyohukumu. Msomaji asiyekunywa kileo, kwa sababu za dini au kwa hiari yake, hatapungukiwa na lolote katika hoja hii, kwani tunachokichunguza ni namna ya kuhukumu.

Meza ya Waonjaji

Mvinyo mwekundu wa Bordeaux hutengenezwa hasa kwa kuchanganya zabibu za aina za Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc. Ukiwa mchanga, huelekea kuwa na rangi ya zambarau na ukakasi mwingi utokanao na tanini, ukakasi unaofahamika kwa yeyote aliyewahi kuuma ndizi mbichi. Kadiri miaka inavyopita ndani ya chupa, tanini na rangi hushikamana na kutuama zikawa mashapo. Mvinyo huchukua rangi ya tofali, na harufu ya matunda huzipisha harufu za ngozi, tumbaku, mwerezi na udongo wa msituni. Kwa sababu ya mashapo hayo, chupa husimamishwa wima kabla ya karamu, kisha mvinyo humiminwa polepole katika chombo kingine, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa ili mmiminaji ayaone mashapo yanapokaribia na kuacha kumimina.

Ulinganishi wenyewe hufanywa kwa njia kuu mbili. Ama mivinyo ya mashamba mbalimbali ya mwaka mmoja, tuseme 1961 au 1982, huwekwa pamoja. Ama mvinyo wa shamba moja huonjwa kupitia miaka mingi. Mhakiki atazitambua njia hizi mara moja. Naye huwalinganisha watunzi mbalimbali wa muongo mmoja, au humfuata mtunzi mmoja tangu diwani yake ya kwanza hadi ya mwisho.

Hata hivyo, waonjaji hawaifikii meza wakiwa huru. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, madalali wa mvinyo wa Bordeaux waliandaa orodha ya mashamba bora katika madaraja matano. Kigezo chao kikuu kilikuwa bei ambazo mivinyo hiyo ilikuwa ikiuzwa. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion yaliwekwa katika daraja la kwanza. Mivinyo myekundu yote ya orodha hiyo ilitoka eneo la Médoc, isipokuwa Haut-Brion wa Graves. Maeneo ya Saint-Émilion na Pomerol hayakuingizwa kabisa. Tangu wakati huo daraja la kwanza limebadilishwa mara moja tu, pale Mouton Rothschild ulipopandishwa kutoka daraja la pili mwaka 1973. Kwa upande mwingine, Petrus wa Pomerol, ambao haumo katika orodha hiyo, huuzwa leo kwa bei kubwa mno.

Hapa pana funzo kwa wanafasihi. Orodha iliyotokana na bei za soko la wakati fulani imekuwa, kwa zaidi ya karne moja na nusu, kama maelezo ya ubora wenyewe. Mwonjaji anayesoma jina la Latour kwenye chupa huwa amekwisha kuambiwa ahisi nini kabla ya kuinua bilauri. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi anayekabidhiwa kitabu akiambiwa kwamba ni cha mtunzi mkuu. Methali yetu husema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini orodha ya 1855 yatufunza kwamba kilichokwisha kuuzwa ghali kinaweza kuitwa chema kwa sababu hiyo tu.

Ufunguo ndani ya Pipa

Katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, David Hume alikitumia kisa kutoka riwaya ya Cervantes kuhusu Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho waliombwa watoe maoni yao juu ya pipa la mvinyo. Mmoja alisema kuwa mvinyo ni mzuri ila una ladha ya ngozi kidogo. Wa pili alikubali kuwa ni mzuri ila aliona una ladha ya chuma. Wote wawili walichekwa. Pipa lilipokuja kuisha, sakafuni mwake kulikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Kwa Hume, kisa hiki chathibitisha kwamba katika ladha kuna jambo la kupatia na la kukosea, na kwamba mwamuzi mzuri hujengwa: kwa akili timamu, wepesi wa kuhisi, mazoezi, kulinganisha, na kujivua chuki na upendeleo. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alichukua msimamo tofauti. Kwake, mtu akisema kuwa mvinyo wa visiwa vya Kanari wampendeza, anapaswa kuongeza kwamba wampendeza yeye. Lakini akisema kuwa kitu fulani ni kizuri, anadai kukubaliwa na watu wote. Mvinyo, kwa Kant, umo upande wa mapendeleo ya mtu binafsi.

Tunaona kwamba mwenendo wa waonjaji wenyewe waupinga mgawanyo huu wa Kant. Si jambo geni mwonjaji kusema, "Huu ndio bora, ingawa mimi naupenda ule." Kauli hii isingekuwa na maana yoyote kama ubora na kupenda vingekuwa kitu kimoja. Aidha, waonjaji hubishana, hurudia bilauri, na hubadili kauli mwenzao anapowaonyesha harufu ambayo hawakuwa wameitambua. Hakuna anayebishana hivyo kuhusu kiu yake.

Yamkini mtu atauliza: ufunguo wa fasihi u wapi? Pipa la mvinyo laweza kumiminwa likaisha, lakini shairi halina sakafu ya kukaguliwa. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, tukumbuke kwamba ufunguo haukuthibitisha kuwa mvinyo ulikuwa mzuri. Ulithibitisha tu kwamba wale jamaa walihisi kitu kilichokuwamo. Jambo hili mhakiki analiweza. Anaweza kuonyesha mahali urari wa vina unapomlazimisha mtunzi kusema asilokusudia, au mahali ambapo kimya cha mhusika kinabeba maana kuliko maneno yake. Hatumtaki athibitishe uzuri kama mtu athibitishavyo hesabu. Twamtaka aonyeshe kwamba analolisema limo katika matini wala halimo kinywani mwake tu.

Chupa Isiyo na Jina

Ikiwa jina hupotosha, basi dawa yake yaelekea kuwa kulificha. I. A. Richards aliwapa wanafunzi wake wa Cambridge mashairi yasiyokuwa na majina ya watunzi, na kitabu alichokitoa mwaka 1929 kilionyesha jinsi walivyoyumba walipokosa kuegemea sifa za mtunzi. Waonjaji nao wana mtihani wao. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bordeaux ambamo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kuamua kwa niaba ya pua.

Tukio mashuhuri zaidi ni la tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris. Mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaalika waamuzi tisa Wafaransa waonje, bila kuona majina, mivinyo ya Kalifornia na ya Ufaransa. Kwa upande wa mivinyo myekundu, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Stag's Leap wa 1973, kutoka Kalifornia, ukiishinda Mouton Rothschild na Haut-Brion ya 1970. Watetezi wa Bordeaux walijibu kwamba mivinyo yao hutengenezwa ili ikomae polepole, na kwamba ilihukumiwa ikingali michanga.

Utetezi huu wastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndio hasa autoao mhakiki anapoona kazi aipendayo imeshindwa: "Subirini, vizazi vijavyo vitaielewa." Mara nyingi kauli hiyo ni kichaka cha kujifichia. Lakini utetezi wa Bordeaux ulikuwa na sifa moja ya heshima: uliweza kujaribiwa. Ukajaribiwa. Mwaka 2006, miaka 30 baadaye, mivinyo myekundu ileile ilionjwa tena huko London na Napa. Nafasi tano za kwanza zilichukuliwa na Kalifornia, Ridge Monte Bello wa 1971 ukiongoza.

Je, tuhitimishe basi kwamba hukumu ya haki ni ile ya kufumba macho? La hasha. Kuficha jina huondoa dhuluma moja na huweza kuleta nyingine. Mbele ya safu ndefu ya bilauri, kinywaji chenye nguvu na utamu wa haraka humeza sauti ya kile kilicho kimya, sawa na hadithi ya vituko inavyoweza kulishinda shairi la tafakuri pale mwamuzi anaposoma miswada 60 kwa juma moja. Zaidi ya hayo, yapo maarifa ambayo mwamuzi anayahitaji ili aelewe alichokionja. Asiyejua kwamba mvinyo una miaka 50 ataidhani rangi yake ya tofali kuwa kasoro, na asiyejua kanuni za utenzi ataona vina vyake kuwa mzigo.

Umri na Udanganyifu

Suala la umri ndilo gumu kuliko yote. Mwezi Desemba 1985, mnada mmoja wa London uliuza kwa pauni 105,000 chupa iliyodaiwa kuwa ya Lafite wa 1787 na mali ya Thomas Jefferson. Baadaye uhalisi wake ulitiliwa shaka kubwa. Mwaka 2013, mahakama ya New York ilimtia hatiani Rudy Kurniawan kwa kuuza mivinyo bandia aliyoitengeneza nyumbani kwake kwa kuchanganya mivinyo mingine na kuitia katika chupa zenye majina makuu. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Wajuzi kadhaa walikuwa wamekaa mezani pake na kuisifu mivinyo yake.

Tusikimbilie kuwacheka. Huenda walichokionja kilikuwa kitamu kweli. Hasara yao ilikuwa ya aina nyingine: waliamini kuwa wanakutana na mavuno ya mwaka fulani, na kazi ya mikono ambayo haipo tena, kumbe sivyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mkakasi ulikuwa jina na mwaka. Fasihi yetu ina swali la jinsi hiyo. Wataalamu hawajaafikiana juu ya zama alizoishi Fumo Liyongo, wala juu ya mashairi gani hasa yanayohusishwa naye ni yake. Kama ingethibitika kesho kwamba baadhi ni ya karne za baadaye, mizani na taswira zake zisingepoteza chochote. Lakini ushahidi wake juu ya maisha ya zama za Liyongo ungetoweka. Mhakiki mwadilifu hana budi kuzitenganisha sifa hizi mbili na kusema ni ipi anayoihukumu.

Aidha, umri si kipimo cha vyote. Sehemu kubwa ya mvinyo duniani haiboreki kwa kuwekwa. Tembo la mnazi ni tamu siku ligemwapo, na likikaa huwa siki. Anayelingojea likomae halijui. Vivyo hivyo, malumbano ya papo kwa papo kati ya malenga wawili hayakukusudiwa kuhifadhiwa ghalani. Anayeyapima kwa kudumu kwake anapimia kipimo cha chombo kingine. Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o walipodai, mwaka 1968 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kwamba fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo na fasihi simulizi ipewe nafasi yake, walikuwa wakikataa orodha ambayo, kama ile ya 1855, ilichukua matunda ya eneo moja ikayafanya kipimo cha matunda yote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hukumu ya ladha yaweza kuwa ya haki, lakini kwa masharti. Kwanza, mwamuzi atenganishe anachokipenda na anachokiona kuwa bora, na aweze kuvitaja vyote viwili bila haya. Pili, aonyeshe ndani ya kazi yenyewe jambo analolitegemea, ili mwingine aweze kulirejelea na kulipinga. Tatu, kabla ya kutoa hukumu, ajiulize ni ushahidi gani ungemfanya aiondoe. Asiyeweza kujibu hana hukumu bali ana upendeleo. Na kuhusu jina, rai yetu ni kwamba lije baada ya kionjo cha kwanza: lisitangulie, wala lisifukuzwe, kwani lina maarifa yake.

Masharti haya hayawahusu waonjaji wa Bordeaux tu. Katika vyuo vyetu, karatasi za mtihani husahihishwa zikiwa na namba badala ya majina, na twaiona hiyo kuwa haki ya chini kabisa anayostahili mwanafunzi. Lakini tasnifu husomwa ikiwa na jina la mwandishi na la msimamizi wake juu ya jalada, na diwani hupokewa kwa kadiri ya sifa za aliyeitunga. Pale ambapo jina haliwezi kufichwa, hakuna kinachomlinda mtunzi mchanga isipokuwa ule utayari wa msomaji wake kuirudia bilauri mara ya pili.