Jina la Mama Halimlishi Mtoto

Tangu Manispaa ya Ilemela itenganishwe na Jiji la Mwanza mwaka 2012, na makao yake makuu kuwekwa Buswelu, eneo hili limekuwa la kukimbiliwa. Ofisi zikija, nyumba za kupanga hufuata, na nyuma yake huja habari za vyuo: chuo kikuu fulani cha serikali kinafungua tawi, fomu zimeanza kutolewa, nafasi ni chache. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba akisikia kwamba mwanawe anaweza kupata digrii huku akilala nyumbani, huanza kutafuta ada kabla hajauliza swali hata moja. Binti naye humtuliza: “Mayu, usiwe na wasiwasi, hiki ni chuo cha serikali.”

Kabla ya kulipa, mama na bintiye wasikilize habari ya Kisii, mji wa Kenya ulio ng'ambo ya mpaka wa Sirari.

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kufundishia walimu wa shule za msingi. Mwaka 1994 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kishiriki, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Kwa miaka 19 kilikuwa chini ya chuo mama, na malezi hayo hayakuwa ya haraka. Mtu angedhani chuo chenye historia hiyo kingejua kwamba tawi halikomazwi kwa kibao.

Lakini kilipopata mamlaka yake, nacho kilikuwa na haraka ya kuzaa. Mwaka 2016 kilikuwa na kampasi 13, zikiwemo za Eldoret na Nairobi. Mwaka huohuo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ikakiagiza kifunge 10 kati ya hizo kwa kuwa hazikutimiza viwango, na wanafunzi wahamie kampasi kuu. Habari za wakati ule ziliwataja wanafunzi wapatao 15,000.

Tusikimbilie kukilaumu chuo kimoja. Tangu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, vyuo vya umma vya Kenya vilikuwa vimeonja fedha ambazo hazina ya serikali haikuwa ikivipa. Kila mji wenye benki na kituo cha mabasi ulionekana una wateja. Ilitosha kupanga ghorofa moja, kutafuta wahadhiri wa kulipwa kwa saa, na kutundika nembo ya chuo mama. Nembo ilisafiri kwa siku moja; maktaba, maabara na wahadhiri wa kudumu walibaki makao makuu.

Pigo la pili likaja mwishoni mwa 2016. Usimamizi wa mtihani wa kidato cha nne ulikazwa, na waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, wakashuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi chini ya 90,000. Serikali nayo ikaanza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili hata katika vyuo vya binafsi. Wa kujilipia wakapungua mno, na hata matawi ambayo hayakuguswa na amri yoyote yakajikuta na madarasa matupu.

Aliyeumia zaidi ni nani? Ni yule aliyechagua tawi kwa sababu lilikuwa karibu. Mwenye uwezo angeweza kuhama, kupanga chumba na kuendelea na masomo. Lakini aliyefika pale kwa kukosa nauli na kodi, ndiye aliyeambiwa asafiri na kupanga. Tawi dhaifu humvutia maskini kwa ukaribu wake, na likifungwa humnyang'anya ukaribu huohuo.

Hapa nyumbani pia tumeyaona. Februari 2016, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilifuta vibali vya kampasi za Songea na Arusha za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, na wanafunzi wakagawanywa vyuo vingine. Kile ni chuo cha binafsi, lakini cha Kisii ni cha umma. Neno “serikali” halikuwakinga wanafunzi wake.

Hii haina maana kwamba kila tawi ni mtego. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa tangu mwanzo kufundisha watu wakiwa mikoani kwao. Chuo Kikuu Ardhi, ambacho chenyewe kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kujitegemea mwaka 2007, kinajengewa kampasi Sengerema kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kuweka majengo kwanza ni mwanzo mzuri, ingawa majengo peke yake hayafundishi.

Kwa hiyo mzazi wa Buswelu asiridhike na jina la chuo mama. Aufungue mwongozo wa udahili wa TCU, atafute kozi yenyewe chini ya kampasi yenyewe. Kozi kuwepo makao makuu hakutoshi. Kwa cheti na diploma, aulize NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Aende kampasini siku ya masomo aone wahadhiri wangapi ni wa kudumu, na kama maktaba ina wasomaji au ina kufuli. Aulize jengo ni la chuo au la kupanga, na mkataba unaisha lini. Ada ailipe kwa kontroo namba ya chuo, si kwa simu ya mtu. Mwisho aulize swali ambalo habari ya Kisii inatufundisha kuliuliza mapema: tawi likifungwa kabla mwanangu hajamaliza, atahamishiwa wapi, na nauli na chumba vitalipwa na nani?

Jibu la swali hilo aombe kwa maandishi. Wasipoweza kumwandikia, binti asubiri mwaka, au aombe chuo cha mbali, na fedha ya dagaa itumike kwa nauli ya kumfikisha mahali atakapomaliza.