Stika ya Japani na Wembe wa Kitengela

Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huingia Kenya na stika ndogo ya duara kwenye kioo cha nyuma. Huko kwao ilionyesha kwamba mwenye gari ana mahali pa kuliegesha. Japani yenyewe iliachana nayo Aprili 2025, lakini Kenya hupokea magari ya hadi miaka 8, kwa hiyo tutaendelea kuziona kwa muda. Stika yenyewe haina ubaya. Balaa huanza siku ya kuibandua.

Mwalimu mmoja wa Kitengela alinunua gari la namna hiyo, akalipeleka kuoshwa kando ya barabara ya Namanga. Kijana aliyekuwa akisugua akaiona.

"Mwalimu, nikutolee hii ya Wajapani? Hakuna pesa ya juu."

"Toa tu, kijana wangu. Kwani ina kazi gani hapa?"

Kijana akaingia kiti cha nyuma na nusu ya wembe. Stika ikatoka vipande vipande, gundi ikabaki imeganda. Akakwangua kwenda juu na chini, kisha akachovya kitambaa kwenye petroli na kusugua. Kitambaa hicho kilikuwa kimelala chini, na vumbi la Kitengela lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo. Kikaacha mikwaruzo ya mviringo ambayo huonekana tu jua likielekea Ngong. Hiyo petroli ndani ya gari lililofungwa sitaizungumzia sana: mvuke wake hushika moto hata siku ya baridi, na waliopona hawakupona kwa ujuzi.

Kwenye kioo cha nyuma kuna mistari myembamba ya hudhurungi, iliyolala kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wengi huidhani pambo. Ni rangi yenye madini ya fedha iliyochomewa kwenye kioo kiwandani, upande wa ndani, na umeme hupita humo ili kioo kipate joto na ukungu uondoke. Kila mstari hujitegemea. Ukikatwa mahali pamoja tu, hata pembeni kabisa, mstari mzima hufa. Wembe wa kijana ulikata mistari minne katika eneo lisilozidi kiganja cha mtoto, na mwalimu akaondoka akishukuru.

Julai ikafika. Anayeijua Kajiado anaijua baridi ya mwezi huo, manyunyu na mawingu hadi saa nne. Alfajiri mwalimu akawasha swichi ya kioo cha nyuma, akasubiri, akarudi kinyumenyume. Juu kioo kilikuwa kimesafika, chini pia. Katikati palikuwa na mkanda mweupe wa ukungu, na nyuma ya mkanda huo palikuwa na mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji.

"Mwalimu, kweli hukuniona?"

"Ningekuonea wapi, ndugu yangu?"

Punda alipona. Mitungi ililipwa, taa ya gari ikanunuliwa.

Mtu akitaka kuibandua stika kama hiyo, aanze na joto. Jua la mchana la Kitengela linatosha, au drai ya saluni kwa mbali. Maji ya moto yanayochemka yasiguse kioo chenye baridi, kinaweza kupasuka. Gundi ikilainika, inua pembe kwa ukucha au kadi kuukuu ya plastiki, uvute taratibu ukifuata mistari ilivyolala. Gundi iliyobaki ipakwe mafuta ya kupikia, iachwe robo saa, ipanguswe kwa kitambaa laini, tena kwa kufuata mistari, halafu maji ya sabuni. Wembe una mahali pake: kioo cha mbele kisicho na mistari, kilichooshwa na kuloweshwa, na wembe wenyewe mpya.

 

Mstari uliokatika huzibwa kwa rangi maalumu inayopitisha umeme. Anayekagua gari kabla ya kununua awashe swichi ya kioo cha nyuma, akihemee kioo hicho kwa ndani, aone ukungu unakwama wapi, kisha ndipo azungumze bei.