Posa na Mwenye Jawabu

Mwanamume anapoomba ndoa, Waingereza husema amefanya “pop the question”. Kitenzi hicho ni cha kitu kinachopasuka kwa mlio mdogo, mfano wa bisi kikaangoni. Ndoa yenyewe haitajwi. Linatajwa swali tu, na kwamba limetoka kwa ghafla.

Kiswahili kina kuposa, nacho ni kitenzi cha mwendo wa taratibu. Fumba, kama kwingineko Unguja, posa hupelekwa, hupokewa, kisha jawabu likangojewa. Wanaoipeleka ni wazee au mshenga, na aghalabu maneno yao huja kwa mafumbo. Hata kukataa kuna adabu yake: huambiwa binti bado anasoma, na wageni wakarudi kwao bila ya kuaibika.

Lakini sarufi nayo ina lake. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa; yule huoa, huyu huolewa. Swali la Kiingereza humfikia mwanamke mwenyewe. Posa hupitia kwanza kwa wazee wake. Je, jawabu ni la nani?

Dini ya Kiislamu, inayofuatwa na wengi visiwani, imekwisha kulijibu hilo. Hadithi sahihi zinaeleza kuwa bikira huombwa idhini, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Zinaeleza pia habari ya Khansa binti Khidham, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye babake alimuoza bila ya ridhaa yake. Alipomwendea Mtume, ndoa ile ilibatilishwa.

Basi kimya kilikubaliwa kwa ajili ya haya, si kwa ajili ya hofu. Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mzazi anayekiona kimya cha mwanawe asitake kujua ni kimya gani, hakupewa idhini, amejipa mwenyewe.

Wala anayepiga goti mbele ya kadamnasi hajasalimika. Nani atasema hapana katikati ya vigelegele na kamera? Huyu ameulizwa, ila hakuachiwa nafasi ya kukataa. Yule wa posa nafasi anayo, ila huenda asiulizwe.

Swali la kweli ni lile ambalo “hapana” yake inasemeka. Siku za kungoja jawabu ni hazina ya posa. Na zitumike kwa kazi yake: binti aulizwe faraghani, na mamake au somo wake, bila ya haraka. Fumbo la wazee lina haki ya kufumbuliwa mbele ya anayeposwa.