Musa Alipokuwa Hana Kazi

 

Ndugu zangu Waislamu, safu ya Adhuhuri katika misikiti yetu ya Parklands imeongezeka watu, na tusijidanganye kwamba ni imani peke yake iliyopanda. Mtu tuliyezoea kumwona Ijumaa tu, akiingia mbiombio na kitambulisho cha kazini kikimning'inia shingoni, sasa yupo Jumatatu, yupo na Jumanne. Shati limepigwa pasi na viatu vimeng'arishwa. Watu wakishatawanyika yeye anabaki ameegemea nguzo, anapekua simu, anangoja Alasiri. Huko nyumbani wanajua yuko ofisini. Nasi tunampa mkono, tunamwambia "taqabbala Allah", tunapita.

Mtu huyu aghalabu hakufutwa kazi kwa uvivu wake. Januari 2023 zaidi ya vijana mia mbili hapa Nairobi, waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook chini ya kampuni ya Sama, walielezwa kwamba kitengo chao kinafungwa, na wengi wakaishia mahakamani kudai haki. Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90, na wauguzi, madereva na makarani wa miradi ya afya nchini mwetu wakaambiwa wakae nyumbani. Mtu alilala ana kazi akaamka hana, kwa kalamu iliyotembea Washington. Na wimbi hilo haliishii kwa mwenye tai. Bosi akipoteza mshahara, wa kwanza kuambiwa asirudi Jumatatu ni yaya, kisha mama wa kufua anayepanda kila asubuhi kutoka Deep Sea au Kangemi. Hao hawapewi hata barua.

Basi tumtazame Nabii Musa, amani iwe juu yake, kabla hajapewa utume. Habari yake imo katika Suratul Qasas, na sisi hupenda kuisoma kwa haraka ili tufike kwenye fimbo na bahari. Kijana huyu alilelewa katika kasri la Firauni. Kwa tukio la siku moja akapoteza makazi, jamaa na cheo, akatoka mjini anaangalia nyuma kwa hofu mpaka akafika Madyan. Hana kitu. Hamjui mtu. Penye kisima akakuta wachungaji wananywesha wanyama wao, na kando wasichana wawili wanazuia wanyama wao wasikaribie mpaka wanaume wamalize. Akawauliza wana nini. Wakamwambia baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea, kisha akajitenga kivulini.

Hapo kivulini ndipo alipoomba dua yake: kwamba yeye ni fakiri, ni mhitaji wa heri yoyote ambayo Mola wake atamteremshia. Hakutaja kasri wala hakutaja cheo alichostahili. Alisema ana haja. Ndugu yangu unayeketi penye nguzo, ichukue dua hiyo, na uangalie imekuja baada ya nini. Imekuja baada ya kazi ambayo hakuna aliyemlipa. Mikono ilikuwa na nguvu, akaitumia palepale ilipohitajika.

Kisha likaja jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha kisa hiki. Binti mmoja akamjia, anatembea kwa haya, akamwambia baba yake anamwita amlipe ujira wa kunywesha. Musa alipofika kwa mzee yule, Qur'ani inatueleza kuwa alimsimulia habari zake. Hakujifanya yuko likizo, wala hakusema anasubiri majibu mahali. Na jibu la mzee halikuwa maswali ya kumchimba. Alimwambia asiogope, ameokoka na watu madhalimu. (Kama mzee huyo ni Nabii Shuaib au ni mtu mwingine, wafasiri wamekhitilafiana, tuwaachie wanavyuoni.)

Kwa hiyo mwambie mkeo. Dada yangu, mwambie mumeo, au mama yako. Nyumba isiyojua kwamba mshahara umekatika itaendelea kula kama nyumba ya mshahara, na pengo litazibwa na hiyo simu unayoipekua: leo Fuliza, kesho programu nyingine ya mkopo wa kulipa mwingine, na riba inapanda ukiwa umesujudu. Nyumba inayojua itahamisha mtoto shule mapema, itazungumza na mwenye nyumba kabla kodi haijalimbikizana miezi mitatu. Aibu iko katika kuiba na katika kudhulumu. Kufutwa kazi ni mtihani.

Tena msikilize mmoja wa mabinti wale, maana yeye ndiye aliyesema neno. Alimwambia baba yake amwajiri Musa, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Nabii wa Mungu alipata kazi kwa sababu mtu alimsemea! Nyinyi mlio na maduka pale Diamond Plaza, mlio na zahanati, karakana, shule na ofisi za uwakili kuanzia Highridge hadi Westlands, ni lini mara ya mwisho mlimsemea mtu ambaye si mpwa wenu wala si wa kabila lenu? Tunajua kumhubiria subira aliyefutwa. Subira inayohubiriwa na aliyeshiba, kisha akapanda gari lake, haimfikii mtu.

Mkataba wenyewe ni somo. Miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake, na mwajiri anatamka wazi kwamba hataki kumtaabisha. Muda unajulikana, kazi inajulikana, na mwenye mali anajifunga kwa ulimi wake mbele ya Mungu. Sasa linganisha na mwajiri anayeswali safu ya mbele halafu anamfuta mtu kwa ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na hata sheria ya nchi haikunyamaza: kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, afisa wa leba naye ajulishwe, likizo ambazo hazikuchukuliwa zilipwe kwa fedha, na kila mwaka mzima wa utumishi uhesabiwe malipo ya siku zisizopungua 15. Ukiyala malipo hayo, umekula haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa umra.

Nawe uliyefutwa, kadai haki hiyo bila kuona haya, na huku unaendelea kutafuta. Musa wa kasri alichunga kondoo wa mtu miaka yote ile. Aliyekuwa meneja akisimamia duka la vipuri la jirani yake hajashuka daraja mbele ya Mola wake. Suratul Jumua inatuamrisha swala ikiisha tutawanyike katika ardhi kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Kuketi msikitini toka Adhuhuri hadi Alasiri kwa sababu ya kuogopa macho ya nyumbani hakumo katika amri hiyo.

Wenye zaka, msingoje Ramadhani. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki, na huyo mwenye shati la pasi huenda ni mmoja wao, hata kama hajanyoosha mkono. Ukishatoa salamu leo, mgeukie aliye kando yako, umuulize anafanya kazi gani. Akisitasita kujibu, muombe namba yake, na kabla ya Ijumaa ijayo uwe umempigia.