Simu Mikononi mwa Watoto Wetu



Mwezi uliopita, nilipokuwa nikiwazungukia Wakristo majumbani, niliingia nyumba moja kumwombea bibi mgonjwa. Mjukuu wake wa miaka 3 alikuwapo. Ili tupate utulivu, akapewa simu yenye katuni, nasi tukasali bila kelele. Mama yake alipoitwaa simu ile, mtoto alijitupa sakafuni, akalia mpaka akarudishiwa. Njiani nilijiuliza: sala yetu ilimfundisha nini? Naona ilimfundisha kwamba watu wazima wakizungumza na Mungu, yeye hahusiki.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Mtoto asiyetimiza miaka 2 asiketishwe mbele ya televisheni wala simu. Wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Tena mwenye miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13. Wangapi kati yetu wana watoto wanaosinzia saa tano za usiku, tamthilia ikiendelea? Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa na kujibiwa. Katuni husema sana, lakini haimngojei ajibu.

Sitaki kumlaumu mama anayeamka alfajiri, aende sokoni, arudi apike, afue, na hana wa kumshikia mtoto. Simu imekuwa yaya wake kwa sababu sisi majirani tumeacha kuwa walezi. Zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Leo tunafunga milango, kisha tunamsema mama huyo nje ya kanisa! Akina baba nao wasitabasamu. Baba anayerudi jioni na kuinamia simu yake mpaka ugali unapoa amekwisha kufundisha somo lake bila kutamka neno.

Nami ni mmoja wao. Mjukuu wangu aliokota kipande cha boksi la sabuni, akakaa kitini mwangu, akawa anakipapasa kwa kidole. Nilipomwita hakuinua kichwa. Bibi yake alimwuliza anafanya nini, akajibu, "Mimi ni babu." Watu walicheka sana. Mimi sikucheka.

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 6, Musa anawaagiza wazazi wawafundishe watoto neno la Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Angalieni saa hizo. Ndizo hasa ambazo simu imezichukua. Na Paulo, akiandika juu ya imani ya Timotheo, hakutaja shule. Alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtoto yule aliipata imani kwa watu wa nyumbani mwake, waliokaa naye.

Nyumbani kwetu sasa tumeweka kikapu karibu na mlango. Chakula cha jioni kikiiva, simu zote zinaingia humo, yangu kwanza, mpaka mtoto alale. Juma la kwanza tulishindwa siku 2, na zote mbili mkosaji alikuwa mimi, nikisingizia kwamba huenda kuna msiba. Jumatano iliyopita mjukuu alinivuta mkono tutazame siafu ukutani. Tulichelewa kula.

Wenu katika Bwana,
Kasisi wa Mtaa