Jina la Chuo na Hesabu ya Mnara

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka na wakati wa kujaza kozi za KUCCPS ukifika, wazazi hunijia na swali moja, kule Migori na hata huku Homa Bay. Mtoto anataka udaktari na alama zake ni nzuri. Sasa ajaze Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako ushindani ni mkali na jina linajulikana hadi kijijini, ama ajaze Maseno hapa karibu, ambako anaweza kuingia kwa alama za chini kidogo? Halafu swali linavishwa nguo ya imani: "Pasta, kuchagua chuo kidogo si ni kukosa imani? Si sisi ni kichwa?"

Hebu tusome vizuri. Kumbukumbu la Torati 28 inafunga ahadi ya kichwa na utiifu. Haisemi lolote juu ya jina lililoandikwa kwenye cheti.

Sisemi Nairobi ni mbaya. Wanafunzi wake hujifunzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, inayopokea wagonjwa waliotumwa kutoka kila pembe ya nchi, na kijana anayeyaona magonjwa hayo mapema amepata kitu cha thamani. Hiyo ni sababu ya kweli. "Watu watasema nini" si sababu. Kwa Maseno, atajifunzia hospitali ya Jaramogi kule Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia. Kote kuwili ni miaka sita, kisha mwaka mmoja wa unagenzi, na leseni inatolewa na baraza lile lile la madaktari. Mgomo wa 2024 ulipochukua siku 56, malipo ya madaktari wanagenzi yakiwa kiini cha ugomvi, wa Nairobi na wa Maseno walingoja pamoja.

Vijana wetu pia husoma kwenye simu mawaidha ya Marekani, kwamba ni heri kwenda chuo rahisi upate alama za juu. Kule mtu husoma digrii ya miaka minne kwanza, na alama hizo ndizo humwombea nafasi ya udaktari. Hapa mtoto anaingia moja kwa moja kutoka sekondari. Hesabu yao si yetu.

Mfano wetu uko karibu. Baba yake Barack Obama, rais wa zamani wa Marekani, asili yake ni Kanyadhiang, hapo karibu na Kendu Bay. Mwaka 1962 alimaliza digrii Hawaii akiwa na njia mbili za kuendelea na uchumi. Mwanawe ameandika, kama alivyosimuliwa na mamake, kwamba New School ya New York ilikuwa tayari kumlipia kiasi cha kutosha yeye, mke na mtoto. Harvard ilimpa karo tu. Akaenda Harvard, peke yake. Mtoto hakuwa ametimiza mwaka. Mwaka 1964 ndoa ilivunjika, na mwaka huo huo akarudi Kenya bila ile shahada ya uzamifu aliyoifuata. Simhukumu, maana hakuna anayejua ile njia nyingine ingemfikisha wapi. Lakini nauliza: bei ya jina ililipwa na nani?

Mimi nilisomea biashara, na andiko linalonisumbua zaidi ni Luka 14:28, mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Tangu 2023 karo ya chuo imegawanywa: ufadhili, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Wengi huhesabu sehemu hiyo wakasahau kodi ya nyumba Nairobi kwa miaka sita. Miwa ya Awendo ikichelewa kulipwa, ama samaki wa Mbita wakipungua, nani anatolewa shule? Mara nyingi ni dadake mdogo aliye sekondari. Jina lililonunuliwa kwa karo ya dada, ndugu yangu, ni ghali mno, hata tukilitolea ushuhuda madhabahuni.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Yuko kijana ambaye nyumbani wanaweza, alama anazo, moyo wake uko Nairobi, lakini anaambiwa abaki karibu kwa sababu mama anaogopa jiji. Yule mtumwa wa Mathayo 25 alizika talanta kwa sababu ya woga, na Bwana wake hakuuita woga huo unyenyekevu. Huyo ajaze Nairobi, na mama tutamwombea.

Paulo alitaja mwalimu wake, Gamalieli. Luka alikuwa tabibu, na hakuna mstari unaotuambia alisomea wapi. Tunaambiwa alipendwa, na kwamba wengine walipoondoka alibaki na Paulo.

Wazazi wenye vijana wanaojaza kozi, tutaketi pamoja Jumapili baada ya ibada ya pili. Mje na kijana mwenyewe, na hesabu ya watoto wote wa nyumba, hata wale walio bado shule ya msingi.